Mchezo na Kamari Si Kitu Kimoja

Nilipowaambia wenzangu wa barazani, huku Mji wa Kale, kwamba nilikaa majuma matatu Mogogosiek nikicheza michezo ya kompyuta kuukuu, mmoja wao aliweka chini kikombe chake cha kahawa akaniuliza kama nimeanza utoto upya. Mwingine, ambaye ni mtu wa msikiti na ninamheshimu sana, hakucheka. Alisema, "Kamari ndogo, kamari kubwa, zote kamari." Na kwa kuwa maneno hayo yalisemwa mbele ya watu, na kwa kuwa huyasikia kila pembe ya pwani yetu kutoka Vanga mpaka Lamu, nimeona niyajibu katika ukurasa huu, bila ya kumvunjia mtu heshima yake.

Kwanza nieleze jinsi nilivyofika huko. Kazi yangu ya maisha ilikuwa kuonja chai. Mnada wa chai ulioanza Nairobi mwaka 1956 ulihamishiwa Mombasa mwaka 1969, na tangu hapo chai ya Kericho na Bomet, ya Uganda na ya Rwanda, hushuka kwetu ili ionjwe na kuuzwa. Muonjaji husimama mbele ya safu ya vikombe vyeupe, akachota kwa kijiko, akavuta kwa kishindo mpaka chai impige kaakaani, akatema, akasogea kikombe cha pili. Maji ni ya moto ule ule, majani ni ya uzito ule ule, dakika ni zile zile sita. Kikombe kikizidi kingine, basi kimezidi kwa chai yenyewe wala si kwa jambo jingine. Nilistaafu kabla ya mnada kuingizwa katika kompyuta mwaka 2020. Miaka yote hiyo jina la Mogogosiek nililisoma juu ya karatasi za sampuli, ladha yake naijua kama nijuavyo sauti ya jirani, lakini mahali penyewe sikupata kupaona.

Aliyenipeleka ni mpwa wangu. Yeye ni fundi wa redio, televisheni na simu, alioa binti wa Kikipsigis, akafungua kibanda chake huko huko ukweni. Siku moja alinipigia simu: "Mjomba, ile kompyuta ya marehemu baba bado iko darini kwa mama? Usiwaache wakaiuza kwa watu wa vyuma chakavu. Njoo nayo." Nikapanda darini kwa dada yangu, nikaikuta ndani ya sanduku la mbao, imefungwa kwa shuka la Kikuwaiti, na pembeni yake katriji tatu na kaseti moja. Nikaipakata kama mtoto mchanga ndani ya basi mpaka Nairobi, na kutoka Nairobi mpaka Kericho, na kutoka Kericho kwa matatu kupitia Litein.

Mtu wa pwani akifika Mogogosiek hushangazwa na mambo mawili. La kwanza ni ukijani. Chai imefunika vilima vyote, imekatwa juu sawasawa kama meza, na katikati yake wachumaji wanatembea wakionekana kiunoni kwenda juu tu, mikono yao ikivunja majani mawili na chipukizi. La pili ni baridi. Mchana jua lipo, lakini ikifika alasiri mvua huja bila kubisha hodi, na usiku ukilala unasikia ngurumo ya kiwanda kinachokausha majani, na harufu yake inaingia mpaka chumbani. Nilipokewa vizuri. "Chamgei," wakasema, nami nikajifunza kuitikia, nikapewa mursik katika kibuyu chake, nikainywa yote ili nisiwaaibishe wenyeji. Ya pili niliomba mwenyewe.

Sasa nije kwenye kompyuta. Vijana wetu wengi hawajui kwamba zamani ilikuwapo kompyuta ya Waarabu. Huko Kuwait, bwana mmoja aitwaye Mohammed Al-Sharekh aliianzisha kampuni ya Al Alamiah, akatoa kompyuta za nyumbani zenye jina la Sakhr, maana yake jiwe au mwamba. Vibonye vyake vina herufi za Kiarabu na za Kilatini pamoja. Ndani yake zilifuata kanuni iitwayo MSX, iliyotangazwa Japani mwaka 1983 na Kazuhiko Nishi akishirikiana na Microsoft, ili kompyuta za viwanda mbalimbali ziweze kutumia programu zile zile. Kwa hiyo katriji iliyotengenezwa Japani kwa ajili ya kompyuta ya Sony au Yamaha iliweza kuchomekwa katika Sakhr nayo ikafanya kazi. Sakhr ilitoa pia programu za kusomea Kurani kwenye kompyuta. Iraki ilipoivamia Kuwait mwaka 1990 kampuni ilihamia Misri. Shemeji yangu alikuwa amekwisha rudi Mombasa mwaka mmoja kabla, naye katika mizigo yake, pamoja na mablanketi na udi, ilikuwamo mashine hii.

Tulipoifungua tulikuta kapasita mbili zimevimba na mende mmoja amekauka. Mpwa wangu alizing'oa zile kapasita, akalehemu nyingine, akasugua meno ya katriji kwa pamba na spiriti mpaka pamba ikaacha kuwa nyeusi. Tukaiunganisha kwanza na televisheni mpya bapa iliyokuwa kibandani. Picha ilikuja, safi kabisa, lakini mchezo ulikuwa na kasoro: unabonyeza, na kitu kinatii baada ya kitambo kidogo, kama mtumishi mvivu. Televisheni za siku hizi huipokea picha, zikaichambua na kuipanua kabla ya kuionyesha, na hapo ndipo wakati unapopotea. Katika barua au hesabu hutaona tofauti. Katika mchezo ambao uhai wako ni kupinda kona kwa wakati wake, umekwisha kufa. Tukatafuta televisheni ya kichogo, tukaipata kwa mzee mmoja aliyekuwa akiitumia kuwekea kuku mayai juu yake, na mara tu tulipoichomeka, kidole na picha vikawa kitu kimoja. Hapo nikajua kwamba mchezo huonjwa kwa chombo chake, kama chai. Ukionja chai ya Mogogosiek kwa maji ya kisima cha chumvi, utamlaumu mkulima bure.

Katriji ya kwanza ilikuwa Pac-Man, yule duara wa manjano anayekula vitone huku akifukuzwa na mazimwi manne. Aliyembuni ni Toru Iwatani wa kampuni ya Namco, mwaka 1980. Katika mashine ya asili, ile ya kusimama yenye tundu la sarafu, kioo kimesimama wima na njia za mchezo ni ndefu kwenda juu. Televisheni ya nyumbani imelala, kwa hiyo waliouhamisha walilazimika kuzibana njia zile ziingie katika mistari 192 tu. Na chipu ya picha ya MSX ina udhaifu wake: haiwezi kuonyesha zaidi ya picha nne zinazotembea katika mstari mmoja, ya tano hupotea. Waandishi wa programu walizoea kuikwepa dosari hiyo kwa kuziwasha na kuzizima kwa zamu, ndiyo maana katika michezo ya namna hii vitu humetameta vikikaribiana. Kijana mmoja aliyekuwa akitazama alidhani mashine inaharibika. La, inajitahidi.

Ya pili ilikuwa ya yule ndege wa baridi, pengwini, anayekimbia kuizunguka ncha ya kusini ya dunia, mchezo wa Konami uitwao Antarctic Adventure, ambao kwa baridi ile ya Mogogosiek ulifaa. Ya tatu ndiyo iliyonikamata mimi mtu mzima: Road Fighter, ya Konami vilevile, iliyotoka kwanza katika mashine za sarafu mwaka 1984. Ni gari, barabara, na tangi la mafuta linalopungua. Ukimgonga mwenzako unapoteza mafuta. Barabara inakuwa nyembamba, malori yanakuziba, kuna mafuta yaliyomwagika ya kukutelezesha. Hakuna hadithi, hakuna muziki wa maana, lakini nilicheza mpaka kidole gumba kikafa ganzi.

Na hapa niseme ukweli, maana mwenzangu wa barazani asije akausema yeye. Siku ya nne, mawingu yameshuka, giza la mvua, wala hakuna adhana ya kusikia, niliikaribia kabisa kuikosa Alasiri. Niliinua macho nikaona saa ya ukutani, nikatupa kile kijiti cha kuendeshea, nikakimbilia udhu kwa maji ya barafu. Nilipomaliza kusali nilikaa juu ya msala kwa muda mrefu, nikijiuliza kama wanaosema michezo hii ni haramu hawana haki.

Kwa bahati njema wanachuoni wetu walikwisha kulichambua jambo hili zamani, kabla ya umeme. Katika madhehebu yetu ya Shafi walitofautisha baina ya nardi na sataranji. Nardi huendeshwa kwa dadu, mtu anatupa na kungoja limwangukie nini, nayo waliikataza. Sataranji huendeshwa kwa fikra, nayo waliiita makuruhu, wakaiharimisha pale inapochezwa kwa dau au inapompitisha mtu wakati wa sala. Tazama jinsi walivyopima. Hawakuuliza kama kitu kinaitwa mchezo. Waliuliza ni nini kinachoamua, mkono na akili ya mchezaji au dadu? Na je, pana mali ya watu juu ya meza? Na je, kimemtoa katika wajibu wake? Mimi katika Alasiri ile nilikuwa nimekaribia kuanguka katika swali la tatu, na kosa lilikuwa langu. Lakini maswali mawili ya mwanzo yalibaki yanangoja majibu, na majibu hayo hayapatikani kwa kubishana barazani. Yanapatikana kwa kujaribu.

Wamarekani walipata kulijaribu hadharani. Katika mji wa New York, mashine za pinball, zile za kupiga kigololo kwa vibapa, zilipigwa marufuku mwaka 1942 kwa kuwa zilihesabiwa kuwa kamari, na meya wao La Guardia alipigwa picha akizivunja kwa nyundo. Marufuku hiyo ilikaa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1976 mwandishi mmoja, Roger Sharpe, aliletwa mbele ya kamati ya baraza la mji pamoja na mashine. Akacheza, kisha akaonyesha kwa kidole tundu ambalo kigololo kitapita kwa pigo lijalo, akavuta, na kigololo kikapita pale pale. Marufuku ikaondolewa. Yeye mwenyewe alikuja kukiri kwamba pigo lile lilikuwa na bahati yake pia, lakini kanuni ilikuwa sahihi: ikiwa mtu anaweza kusema kitakachotokea kisha akakifanya kitokee, huo ni ustadi.

Basi nasi tukafanya jaribio letu kibandani. Vijana walikuwa wengi, hasa jioni baada ya majani kupelekwa kwenye kituo cha kupimia. Nikanunua daftari la mazoezi, nikaligawa kwa mistari kama nilivyokuwa nikiligawa daftari la sampuli: jina, tarehe, mchezo, alama. Kila mmoja alicheza mara kumi kwa siku, si zaidi, na kila alama iliandikwa, nzuri na mbaya. Baada ya juma moja hukuhitaji kuwa mwalimu wa hesabu. Alama zilikuwa zikipanda. Si kila siku, si kwa kila mtu sawasawa, lakini mistari ilielekea juu. Walijifunza kwamba mazimwi hayakimbii ovyo. Katika mashine ya asili zimwi jekundu humfuata mtu moja kwa moja na lile la waridi hulenga mahali aendako, na kwa sababu hiyo wachezaji wa zamani walizikariri njia kama mtu anavyokariri vichochoro vya mtaa wake. Msichana mmoja mwenye umri wa kwenda shule aligundua mwenyewe wapi pa kungojea katika Road Fighter mpaka lori lipite, na tangu siku hiyo tukawa tunamtazama yeye.

Palikuwa na kijana mmoja, umri kama wa miaka ishirini na mbili, mchumaji hodari, ambaye hakutaka kucheza. Alikaa pembeni na simu yake. Nikamwuliza, "Mwanangu, mbona hujaribu?" Akanijibu kwa adabu, "Mzee, mimi nacheza ya kwangu hapa." Akanionyesha. Kioo cheusi, ndege mdogo mwekundu anapaa, na nambari inakua kadiri anavyopanda. Ukitoa fedha zako kabla ndege hajatoweka, umepata mara mbili, mara tano, mara kumi ya ulizoweka. Ukichelewa, zimekwenda. Wallahi nilishtuka, maana kwa macho ulikuwa ni mchezo wa mwaka 1980 kabisa! Rangi ni zile zile mbili tatu, umbo lile lile la kitoto, kibonye kimoja. Waliotengeneza kamari hii wameivika nguo za mchezo tulioupenda utotoni, na ndiyo sababu mama akiutazama juu ya bega la mwanawe anaona utoto tu.

Mwaka 2018 serikali iliziteketeza mashine nyingi za kamari zilizokuwa zimetapakaa katika vituo vya biashara vijijini, na watu walishukuru. Ile mashine ulikuwa unaiona, ina uzito, ina mlango wa duka uliomo, mzazi anajua aende wapi kumtafuta mtoto. Hii ya leo imo mfukoni, inaingia mpaka chooni, na fedha zinatoka kwa kubonyeza tu.

Nikamwomba yule kijana tumfanyie kama wenzake. Akacheka, akasema yeye hahitaji daftari, maana kila anachoweka na kila anachopata kimo katika meseji za pesa kwenye simu. Tukakaa, yeye akisoma na mimi nikiandika, tangu wakati wa bonasi ya chai iliyopita. Saa nzima. Siku za kupata zilikuwapo, na alizikumbuka zote, tena kwa furaha. Za kupoteza alikuwa amezisahau nyingi. Mstari wake haukuelekea juu hata mahali pamoja. Mtu aliyecheza miezi yote ile alikuwa hajui zaidi ya alivyojua siku ya kwanza. Tulipojumlisha alinyamaza. Jumla yenyewe siiandiki hapa kwa kuwa ni siri yake, lakini ng'ombe wa maziwa angenunuliwa.

Kisha mpwa wangu akafanya jambo ambalo sitalisahau. Zile kompyuta za zamani, ukiziwasha bila katriji, hukupa lugha iitwayo BASIC, ukaandika programu yako mwenyewe. Akaandika mistari michache tu ya kurusha dadu. Kompyuta ikatoa 4, kisha 1, kisha 5. Vijana wakawekeana dau la njugu, nikawazuia hata hilo. Akaizima mashine, akaiwasha, akaiandika upya. Ikatoa 4, 1, 5. Akaizima tena. 4, 1, 5. Kelele zilizotoka pale nadhani zilisikika kiwandani. Maana yake ni kwamba ile tunayoiita bahati ndani ya kompyuta ni hesabu. Mashine huanza na nambari fulani, ikaizidisha na kuikatakata, ikatoa nyingine inayoonekana kama imetoka hewani, na kwa MSX, ikiwa hukuiambia ianzie penginepo, huanzia mahali pale pale kila inapowashwa. Nambari yake ya kwanza ni 0.595, ya pili 0.106.

Yule kijana mwenye simu aliuliza swali la maana, na wengi wenu mngeliuliza: basi na ndege wake si anaweza kutabiriwa? La. Hesabu za leo ni ngumu, zimefungwa kwa namna ambayo mchezaji hawezi kuzikisia, na hao wanaouza programu za kutabiri mitandaoni ni wezi wanaomwibia aliyekwisha kuibiwa. Jambo ni jingine. Ndege anapoanza kupaa, mahali atakapotowekea pamekwisha amuliwa. Kidole chako kinachagua tu wakati wa kukimbia, hakimfanyi ndege aruke zaidi. Na mwenye duka ana fungu lake ndani ya hesabu. Watengenezaji wa mmoja wa michezo hiyo wametangaza wenyewe kwamba katika kila shilingi 100 zinazowekwa, 97 ndizo hurudi kwa wachezaji. Mtu husikia 97 akaona ni ukarimu. Lakini mchezaji hawezi kutulia, hizo 97 huziweka tena, na zitakazorudi huziweka tena. Zungusha shilingi 100 namna hiyo mara 100, na kwa wastani utabaki na zisizofika 5. Tulilifanya zidisho hilo kwa BASIC, mashine ya mwaka huo huo wa shemeji yangu, ikatuonyesha nambari zikiteremka kioo kizima kama ndoo inayovuja.

Sitaki nionekane mtetezi wa kila kitu cha zamani. Zile mashine za sarafu hazikuwa malaika. Ziliundwa ili mchezaji wa kawaida afe baada ya dakika chache na atie sarafu nyingine, na kuna watoto walioiba sarafu za mama zao kwa ajili yake. Ila hazikumwahidi mtu kwamba sarafu itarudi ikiwa kumi. Uliinunua furaha ya dakika tano ukaenda zako. Na kompyuta ya nyumbani ilipokuja iliondoa hata tundu la sarafu. Baba alinunua mara moja, na baada ya hapo kilichobaki kutumika ni wakati, ambao nao, nimekwisha kiri, una hesabu yake.

Kwa hiyo namrudia mwenzangu wa barazani. Tunapowaambia watoto kwamba dhumna, keram, Pac-Man na ndege wa simu vyote ni kamari, tunadhani tumewalinda, kumbe tumewanyang'anya kipimo. Mtoto hucheza keram, haoni nyumba ikiteketea, akahitimisha kwamba wazee huogopa tu kila kitu. Siku kamari yenyewe inapomjia imevaa nguo ya mchezo, hana wa kumwuliza, maana jibu letu analijua tangu zamani na amekwisha liona si kweli. Sura ya Al-Maida, katika aya yake ya 90, iliiweka kamari pamoja na ulevi. Haikuiweka pamoja na kukimbia au kulenga shabaha. Sisi tumechanganya, na biashara ya kamari inafaidika kwa mchanganyiko wetu.

Nina ombi pia kwa nyumba zenye madari. Pwani yetu imejaa vitu vilivyoletwa na mabaharia na vibarua wa Ghuba katika miaka ya themanini: Sakhr za Kuwait, Commodore na Atari zilizonunuliwa Dubai au Jeddah. Leo vinauzwa kwa kilo pamoja na mabati. Pale Fort Jesus tumehifadhi vyombo vilivyotolewa katika merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, na ni vyema. Lakini kompyuta yenye herufi za Kiarabu iliyovuka bahari ndani ya mzigo wa kibarua wa Mombasa nayo ni historia yetu, tena hii bado inawaka. Msiiuze. Mpeni fundi wa mtaani aijaribu, wakusanyeni vijana, nunueni daftari.

Yetu imebaki Mogogosiek, dada yangu ameridhia. Mpwa amenipigia simu Jumatatu kunieleza habari. Umeme ulikatika siku mbili kwa mvua. Kijana wa simu anakuja jioni na kuondoka na wenzake, mara nyingine simu anaiacha kwao, mara nyingine haiachi. Na alama yangu ya Road Fighter, ambayo niliiandika kwa wino mwekundu na kuipigia mistari miwili chini, imevunjwa na yule msichana, mtoto wa gredi ya saba. Nimekwisha uliza nauli ya basi.